Nchi ya Baba Mdogo

Watoto wa Kongwa tulifundishwa mapema kusema uongo kwa ajili ya taifa. Mgeni akikuuliza, awe dereva wa lori au mnunuzi wa karanga, wale wanaume wanaoimba kule kambini asubuhi ni akina nani, jibu lilikuwa moja: "Hatujui." Na tuliwajua vizuri mno. Tulijua nani golikipa wao na nani anasumbuliwa na jino. Walikuwa wapigania uhuru kutoka Afrika Kusini na nchi nyingine za huko chini, na mmoja wao alikuwa anakula nyumbani kwa bibi yangu kila Jumapili, kwa sababu alikuwa amempenda mama yangu mdogo, kitinda mimba wa bibi.

Nilikuwa sijaanza shule, kwa hiyo ninachokumbuka kwake kwanza ni mabuti. Aliyavua mlangoni kabla hajaingia, jambo lililomfanya babu amhesabu kuwa kijana mwenye adabu. La pili ni namna alivyokula mlenda. Wageni wengi wakiona mlenda unavyovutika hukumbuka ghafla kwamba wameshiba. Yeye alikula, akaomba tena. Bibi alianza kumtilia shaka hapo hapo. Mtu asiyezaliwa Ugogo akipenda mlenda kiasi hicho, alisema, kuna kitu anakitafuta. Kweli alikuwa anakitafuta, na kilikuwa kimekaa pembeni kikijifanya kinapepeta mtama. Mimi nikaambiwa nimwite baba mdogo, nikamwita.

Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini akianza kusimulia habari za kwao hata babu alikuwa anazima redio. Alisema kwao kuna treni zinazokwenda kwa umeme. Kuna mashamba ya mizabibu yanayopanda vilima mpaka macho yachoke. Na juu ya mji wao kuna mlima ambao kichwa chake ni bapa, meza kabisa, na siku nyingine wingu jeupe linakuja kuutandika kama kitambaa cha mezani, linaning'inia mpaka ukingoni.

Hapo ndipo bibi alipomkatia tamaa. Sisi tulikuwa tunakula mkekani. Nyumba nzima hatukuwa na meza, sembuse kitambaa, na hapa kuna mtu anadai kwao hata mlima una kitambaa chake.

"Huyu ni mwongo," bibi alisema alipoondoka. "Mlima unatandikiwa? Wiki ijayo atatuambia mbuzi wao wanavaa soksi."

Mama mdogo alikuwa anaosha sahani aliyoitumia yule mtu, na aliiosha zaidi ya ilivyohitaji.

Asubuhi moja kambi ilikuwa kimya. Walikuwa wamehamishwa, na tulipowauliza wakubwa wamepelekwa wapi, walisema, "Hatujui." Safari hiyo nadhani ilikuwa kweli.

Kuanzia siku hiyo mama mdogo akawa mke wa Afrika Kusini. Sina namna nyingine ya kulisema. Ndoa haikuwapo, barua haikuja, lakini akija mtu kumposa, na walikuja, kwa sababu alikuwa mzuri na anajua kazi, alijibu bila kuinua sauti kwamba yeye ni mke wa mtu na mumewe yuko vitani. Nchi ile akawa anaiita kwetu. Mvua ikichelewa, anasema kwetu mvua hunyesha wakati wa baridi. Upepo wa Kongwa ukivuma mpaka mchanga unaingia kwenye uji, anasema kwetu upepo unanukia chumvi. Watu walimcheka mpaka wakachoka, wakahamia kwenye mambo mengine. Mimi sikucheka. Alikuwa anakaanga karanga na kuziuza kituoni. Kongwa hiyo hiyo ambako Waingereza walilima karanga kwa matrekta wakavuna hasara, yeye kwa karai moja alijenga nyumba. Nilikaa kwenye kigoda karibu na karai hilo, nikamwambia, "Mama mdogo, nisimulie mlima."

Shuleni nikakutana na nchi hiyo hiyo, ila haikuwa hiyo. Kwenye ramani ya darasani mwalimu alikuwa ameichora mistari myeusi, na tuliimba nyimbo za kuwalaani Makaburu kwa nguvu kiasi kwamba, kama sauti ingekuwa risasi, nchi ile ingekombolewa na darasa la tatu B. Mwalimu mkali tulimwita Kaburu. Ng'ombe anayepiga teke tulimwita Kaburu. Sasa nchi moja itakuwaje makao ya Makaburu, na wakati huo huo iwe kwao baba mdogo? Nilikaa na swali hilo siku nyingi, kisha nikajipatia jibu mwenyewe: Makaburu wanakaa chini bondeni, na watu wa baba mdogo wanakaa juu ya mlima, mezani. Jiografia yangu haikuwahi kupona vizuri.

Kilichonimaliza kabisa ni pasi ya kusafiria. Mjomba wangu alikuwa fundi wa reli, akapata safari ya mafunzo India, na aliporudi nikaishika pasi yake na kuisoma yote. Ilikuwa imeandikwa kwamba inafaa kwa nchi zote isipokuwa Afrika Kusini. Nchi zote za dunia, jamani, na mimi niliyekuwa sijafika hata Morogoro nikaziona zote hazina maana. Kama wangeandika isipokuwa Ubelgiji, huenda leo ningekuwa naandika habari za Ubelgiji.

Nilikua, nikasoma kilimo, nikaajiriwa Dodoma kuwa bibi shamba wa zabibu. Kazi yangu ilikuwa kuwazungukia wakulima, Mvumi, Hombolo, Mpunguzi, kuwaonyesha namna ya kupogoa mizabibu, na kazi yao ilikuwa kuniitikia kwa heshima na kisha kupogoa walivyozoea. Zabibu nilizichagua mwenyewe. Wenzangu walidhani napenda divai. Sikumwambia mtu kwamba ni kwa sababu ya vilima vya baba mdogo, maana hata mimi najua kipi cha kusema ofisini na kipi cha kunyamazia.

Kisha ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa. Waliokuwapo hawahitaji kuelezwa, na ambao hawakuwapo hawataamini kwamba watu wazima walikuwa wanasimama mbele ya duka kutazama sabuni tu. Miaka ya foleni ilikuwa imetufundisha kununua kwanza na kuuliza baadaye. Sasa kila kitu kikawa ruksa: mitumba, redio za kanda mbili, video za kiingilio. Kule kusini yule mzee akatoka gerezani, watu wakapiga kura, na mimi, mtu mzima mwenye ofisi, nilisikiliza taarifa ile nimesimama wima, nikidhani sasa kutafuata shukrani. Nchi tuliyoiimbia miaka yote hiyo ingetukumbuka kwa kitu.

Ilitukumbuka kwa epo. Kitabu cha shule kiliyaita matufaha na hatukuwahi kuyaona. Soko la Majengo likayaita epo, nayo yalikuwa mekundu, yanang'aa, kila moja limebandikwa kikaratasi kidogo usoni. Mama mdogo alikuwa amekuja mjini kunitembelea. Akamuuliza muuzaji yametoka wapi.

"Sauzi hiyo, mama."

Akachukua moja, akalinusa, akalinunua bila kubishana bei, yeye ambaye hubishana hata bei ya chumvi. Njiani akaniambia, "Wakwe zangu wameanza kuleta vitu." Epo lenyewe alinipa nile mimi. Kikaratasi alikibandua polepole kwa ukucha, na aliporudi Kongwa akakibandika kwenye fremu ya mlango wake. Baada ya hapo kila aliyemtembelea kutoka mjini aliagizwa epo. Fremu ile ikajaa vikaratasi kutoka chini mpaka usawa wa kichwa, na wageni walioingia mle walidhani ni dawa ya kuzuia wachawi.

Nyuma ya epo wakaja wenyewe. Makaburu wale wale tuliowalaani darasa la tatu B wakashuka kwenye magari meupe, wamevaa kaptura na soksi ndefu, na ofisini tukaambiwa kuanzia sasa tuwaite wawekezaji. Nikapewa mmoja nimtembeze mashambani. Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka ishirini kugombana na mtu huyu. Alipiga magoti kwenye udongo wa Mvumi, akaunusa, akasema ni udongo mzuri na wakulima wetu wanaufanyia kazi ngumu. Nilikasirika mchana kutwa kwa sababu hakunipa pa kuanzia.

Kufikia hapo nilikuwa mtaalamu wa nchi nisiyoikanyaga. Nilijua miji yake, mito yake, mvua zake. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alikuwa amezamia Sauzi, akarudi baada ya muda na miwani ya jua na kikohozi. Nikamwita nyumbani, nikampikia wali kuku, nikamuuliza habari za mlima.

"Mlima gani, dada?" akasema. "Mimi nilikuwa Joba, mji mwingine kabisa, nauza sigara kwenye taa za barabarani. Kule ni baridi na polisi tu."

Nikamuuliza treni za umeme. Akasema ukipanda unaporwa. Nikamweleza kwamba bila shaka alikaa upande usiofaa, nikachukua kalamu nikamchorea na ramani. Kijana alikula wali wangu akiitazama ramani ile kwa upole sana.

"Labda, dada," akasema mwishoni. "Wewe unaijua zaidi."

Nami nikakubali.

Yule mwekezaji ndiye aliyeniita kwenye mafunzo. Wiki chache za kupogoa mizabibu, shambani kwake, si mbali na mji ule ule wa mlima. Nilikwenda Kongwa kuaga, nikakuta mambo yameshapangwa bila mimi. Kulikuwa na mwalimu mstaafu, mgane, mtu mtaratibu mwenye baiskeli na ng'ombe wachache, na alikuwa amemposa mama mdogo. Safari hii hakujibu kwamba ni mke wa mtu. Alikuwa amemwambia mwalimu asubiri nirudi.

"Kwa hiyo nikimpata baba mdogo kule, mwalimu unamkataa," nikasema. "Nisipompata, unaolewa."

"Mimi sijasema hivyo. Nimesema asubiri."

Kisha akanitolea furushi. Ulikuwa mlenda mkavu, uliotwangwa laini, umefungwa kwenye kipande cha kanga. Nikamwambia, mama mdogo, nchi ile ni kubwa, ina watu wasiohesabika, nitaanzia wapi? Akanitazama namna mtu anavyomtazama mtoto aliyemsomesha bure.

"Kwani hapa ukimtafuta mtu unafanyaje? Unauliza." Akanitajia jina, lile lile tulilomwitia siku zote za Jumapili. "Na mlima ukiuona, uutazame vizuri."

Nilimwelewa bila kuambiwa. Bibi alikuwa ameshafariki, lakini neno lake lilikuwa limebaki Kongwa, na kila aliyewahi kumcheka mama mdogo alimchekea hapo hapo: kwamba amepoteza ujana wake kwa mwongo wa kambini.

Sitamchosha mtu kwa habari za ndege. Uwanjani kule mwanamke wa forodha alilifungua furushi, akanusa, akamwita mwenzake, naye akanusa, akamwita mkubwa wao. Nikasema ni mboga. Wakatazamana. Nadhani waliniachia kwa sababu hakuna sheria iliyowahi kuufikiria mlenda.

Na nchi? Nchi ilikuwa nzuri, sitaki kuwa mtu wa kulalamika. Treni za umeme zilikuwapo. Mizabibu ilipanda vilima mpaka macho yakachoka, kama nilivyoahidiwa. Mwekezaji wangu alinifundisha kwa uvumilivu kuliko mwalimu yeyote niliyepata kuwa naye, Kiingereza chake na changu vyote vikichechemea. Lakini waliokuwa wanapogoa shamba zima kwenye ile baridi walikuwa watu weusi, na jioni walishuka kwenye vibanda vya mabati chini kabisa bondeni. Kule juu nilikowaweka utotoni hakukuwa na mtu wao hata mmoja. Hilo liliniuma, na nililala nalo kila siku.

Mlima nao sikuuona. Kila nilipopata gari la kwenda mjini, nilikuta wingu jeupe limelala juu yake, bapa, limemwagika mpaka ukingoni. Watalii walikuwa wanaupiga picha hivyo hivyo na kushangilia. Mimi nilisimama barabarani nimenuna. Nimesubiri maisha yangu yote, nimevuka nusu ya bara, halafu naonyeshwa kitambaa. Nilikuja kuona meza.

Baba mdogo nilimtafuta kwa njia ya Kongwa: niliuliza. Nilimuuliza mpishi wa shambani, mpishi akamuuliza dereva, dereva akamuuliza mchungaji wa kanisa lake, na nisichekwe, kwa sababu kabla mafunzo hayajaisha nilikuwa nimekaa kwenye sebule ya mzee aliyewahi kuishi kambini kwetu. Niliposema Kongwa, alifumba macho.

"Upepo," akasema kwa Kiswahili. Kilichombakia kilikuwa Kiswahili cha kambini tu: upepo, ugali, upesi, kesho.

Nikamtajia jina. Akatikisa kichwa kwa huruma, akarudi kwenye Kiingereza.

"Mwanangu, hilo ni jina la vita. Kila mmoja alipewa la kwake, na alipohamishwa aliliacha pale, mwingine akalichukua. Mimi mwenyewe nawajua watu watatu waliolitumia. Nipe jina alilopewa na mama yake, nitakutafutia, hata kama ni kaburi."

Sikuwa nalo. Furushi nikamwachia yeye. Alilishika kwa mikono miwili, akaomba nimkumbushe unapikwaje, nami nikamweleza, maji kwanza, magadi kidogo, karanga mwishoni.

Kongwa nilifika mchana wa jua kali. Mama mdogo alikuwa uani anachambua karanga. Nikamwamkia, akaitikia, akanipa maji, na hakuuliza kitu mpaka nilipomaliza kunywa. Nikamweleza yote, mpaka kwa yule mzee.

"Anataka jina la kweli," nikasema. "Bila hilo hawezi."

Akaendelea kuchambua. "La kweli ninalo," akasema.

Nikamwambia maneno ambayo mtu hamwambii mama yake mdogo: kwamba amenitembeza nchi za watu na furushi la mlenda kama mwendawazimu, nimenuswa na serikali nzima, na kumbe jina amelikalia. Aliniacha nimalize.

"Aliniapisha," alisema. "Alisema likitoka mdomoni mwangu, Makaburu watakwenda kumchukua mama yake."

"Mama mdogo, vita imekwisha. Mzee ametoka gerezani, amekuwa rais, na urais wenyewe ameshastaafu."

"Najua. Redio ninayo." Akapuliza maganda. "Lakini aliyeniapisha si redio. Angekuja mwenyewe akaniambia, haya, sema sasa, ningesema."

Kongwa nzima tulifundishwa kusema hatujui, na hakuna aliyewahi kuja kututangazia kwamba tumeruhusiwa kujua. Sisi wengine tuliacha tu, kidogo kidogo, siku tulipopata mambo mengine ya kuongea. Yeye hakuacha. Nilimhurumia, na bado nilikuwa nimemkasirikia, na vyote viwili vikakaa kifuani pamoja.

"Mlima uliuona?" akauliza.

"Sikuuona," nikasema, na uchungu ukanirudia. "Wingu lilikuwa juu yake siku zote nilizokwenda. Limelala tu pale."

Mikono yake ikasimama kwenye ungo.

"Jeupe?"

"Jeupe."

"Mpaka ukingoni?"

"Linaning'inia mpaka ukingoni, mama mdogo. Kitambaa kabisa."

Hakunitazama. Alitazama mlango wa jiko la zamani, pale ambapo bibi alikuwa anapenda kukaa.

"Basi hakuwa mwongo," alisema. Akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, kwa sababu vidole vilikuwa na vumbi la karanga, kisha akarudi kwenye ungo wake.

Tulikula, nikafunga mkoba wangu nirudi mjini. Nilikuwa nimeshafika barabarani aliponiita.

"Ukipita kwa mwalimu, mwambie Jumapili aje ale," akasema. "Ila mwambie mapema, jina lile asije akaniuliza."